Chombo cha Mtu na Chombo cha Mashine: Kupanga na Kueleza Amri za Kompyuta Zinazobeba Takwimu za Afya

Katika kliniki ya mama na mtoto, uzito wa mtoto huandikwa mara mbili. Kwanza huandikwa kwenye kadi ambayo mama huondoka nayo, RCH 1, ambako namba hiyo hugeuka nukta kwenye mchoro wa ukuaji. Nukta hiyo ikiungwa na ile ya mwezi uliopita, mama huona mwenyewe kama mstari unapanda au umelala. Kisha huandikwa kwenye rejesta ya watoto, Kitabu namba 7 cha MTUHA, ambako mstari mmoja ni mtoto mmoja na safu moja ni swali moja, bila mchoro wala maelezo. Hakuna muuguzi anayedhani kwamba mojawapo ya maandishi hayo ni ya ziada. Kadi imeandikwa ili isomwe. Rejesta imeandikwa ili ijumlishwe. Atakayejaribu kupata takwimu za mwezi kutoka kwenye kadi za akina mama atakesha, na mama atakayekabidhiwa ukurasa wa rejesta hataambulia kitu.

Mgawanyo huohuo upo ndani ya kompyuta, ila huko hauonekani kwa urahisi, na kwa sababu hiyo huvunjwa mara kwa mara. Namba zilizojumlishwa kutoka kwenye vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, huingizwa katika DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo hapa nchini imekuzwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutoka hapo hadi kwenye jedwali linalosomwa katika kikao cha Mganga Mkuu wa Mkoa, namba hizo zinaweza kupita katika vyombo vidogo vinavyoendeshwa kwa amri za maandishi: kimoja huzichota kutoka kwenye seva, kingine huzipanga, kingine huzilinganisha na za mwezi uliopita. Vyombo hivi havina picha wala vitufe. Mtumiaji huandika jina la chombo kwenye mstari wa amri, huongeza machaguo, kisha husubiri jibu la maandishi. Amri kadhaa zikiandikwa katika faili moja ili kompyuta izitekeleze zenyewe kwa mfuatano, hata usiku wa manane pasipo mtu, faili hilo huitwa skripti.

Hapo ndipo wasomaji wanapokuwa wawili. Afisa anayeketi mbele ya skrini na kuandika amri ni msomaji mmoja. Skripti inayopokea jibu la amri hiyo na kulipeleka kwa chombo kinachofuata ni msomaji wa pili, na msomaji huyu hana akili ya kukisia. Mtu akikuta kichwa cha safu kimebadilika kutoka “Jumla” kuwa “Jumla kuu” huendelea kusoma. Skripti husimama, au mbaya zaidi, huchukua safu ya pembeni na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mabomba na sinki

Waliotengeneza vyombo hivi waliona mapema kwamba amri zahitaji kupangwa. Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix, uliotolewa Novemba 1971 katika maabara za Bell nchini Marekani, uligawanywa katika sehemu zenye namba, na desturi hiyo ingali hai: katika kompyuta yenye Linux, sehemu ya 1 ya kurasa za mwongozo ni ya amri za watumiaji wote, na sehemu ya 8 ni ya amri za msimamizi wa mfumo. Mpango huo hueleza amri ni ya nani. Hauelezi jibu la amri litasomwa na nani, na hilo ndilo swali lililoleta taabu baadaye.

Jibu lililo wazi zaidi lilitoka kwa watengenezaji wa Git, chombo cha kutunza historia ya maandishi ya programu kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Wao waligawa amri zao katika makundi mawili kwa mfano wa maji ndani ya nyumba. Kundi moja waliliita kauri, kwa maana ya sinki na vyombo vya msalani ambavyo mwenye nyumba huvigusa kila siku. Kundi la pili waliliita mabomba, yaani yale yaliyofichwa ukutani. Sinki linaweza kubadilishwa umbo na rangi kila baada ya miaka michache bila mtu kudhurika, lakini bomba likibadilishwa kipenyo, kila kilichounganishwa nalo huvuja. Hivyo amri za kauri ziliachwa huru kubadilika kadiri watumiaji wanavyohitaji, na za mabomba zikafungwa na ahadi kwamba umbo la matokeo yake halitachezewa. Ajabu ni kwamba chaguo linaloitaka amri ya “git status” itoe matokeo yasiyobadilika kwa ajili ya skripti limepewa jina “--porcelain”, yaani kauri. Lilikusudiwa kutumiwa na skripti zinazotengeneza vyombo vya kauri, lakini anayelisoma mara ya kwanza huelewa kinyume kabisa. Jina baya la chaguo moja huharibu kazi ya ukurasa mzima wa maelezo mazuri.

Mfano mwingine uko katika kompyuta za Debian na Ubuntu, ambazo hutumika sana kwenye seva. Zilikuwa na “apt-get” kwa kuongeza na kuondoa programu. Mwaka 2014 ikaja “apt”, yenye rangi, mstari unaoonyesha kazi imefika wapi, na maneno machache zaidi. Watengenezaji hawakuifuta ile ya kwanza. Badala yake, “apt” ikigundua kwamba matokeo yake hayaendi kwenye skrini bali kwa programu nyingine, hutoa onyo kwamba umbo lake si thabiti na kwamba itumike kwa uangalifu ndani ya skripti. Chombo kinachotambua anayezungumza naye na kumwonya si kitu kidogo. Hata amri kongwe ya “ls”, inayoorodhesha mafaili, hupanga majina katika safu kadhaa ikiwa mbele ya mtu, na jina moja kwa kila mstari ikiwa inamlisha mwenzake.

Wagonjwa 15,841

Msomaji wa kituo cha afya anaweza kuona mambo haya kuwa ya mafundi tu. Kilichotokea Uingereza mwaka 2020 kinaonyesha vinginevyo. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba mwaka huo, watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na UVIKO-19 hawakuingia katika takwimu za kila siku za nchi hiyo. Maabara zilituma majibu katika mafaili ya maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato, umbo lililo rafiki kwa mashine. Taasisi ya afya ya umma iliyoyapokea ilikuwa na utaratibu wa kuyahamishia katika jedwali la Excel la aina ya zamani, ambalo halipokei zaidi ya mistari 65,536. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa. Jedwali lilipojaa, mistari iliyobaki iliachwa nje kimyakimya.

Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao. Waliokosekana ni wale waliokaa nao, waliosafiri nao na waliofanya nao kazi, ambao wangetafutwa mapema na kuambiwa wajitenge. Ufuatiliaji wao ulichelewa kwa siku kadhaa katika wakati ambao kila siku ilikuwa na uzito. Jedwali la Excel ni chombo kizuri cha mtu: hupakwa rangi, husomeka, hujumlisha kwa kubofya. Pale lilitumiwa kama bomba.

Wanasayansi wa jeni walipata taabu ya namna hiyo kwa muda mrefu, kwa kuwa Excel iligeuza majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT1 kuwa tarehe. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo mpya, na majina hayo yakawa MARCHF1 na SEPTIN1. Ilionekana rahisi kubadili istilahi ya sayansi kuliko kubadili tabia ya jedwali.

Jina “Singida” ni mahali pangapi?

Mkoa wa Singida ni mahali pafaapo kujifunzia tofauti kati ya jina la kusomwa na alama ya kuhesabia. Mkoa una halmashauri saba: Manispaa ya Singida, pamoja na halmashauri za wilaya za Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi. Kwa hiyo neno “Singida” peke yake laweza kumaanisha mkoa, wilaya, manispaa, au halmashauri ya wilaya. Watu wanaozungumza kikaoni hawapotei, kwa sababu mazungumzo yenyewe huonyesha ni Singida ipi. Skripti iliyoamriwa kutafuta “Singida” na kuchukua jibu la kwanza inaweza kuleta namba za mkoa mzima mahali pa namba za manispaa, na jedwali likatoka safi, lenye mistari iliyonyooka na jumla iliyokokotolewa bila kosa.

Kuna tatizo lililo chini zaidi ya hilo. Mwaka 2012 Wilaya ya Ikungi ilimegwa kutoka Singida, na Wilaya ya Mkalama, ambayo makao yake ni Nduguti, ikamegwa kutoka Iramba, ambayo makao yake yalibaki Kiomboi. Itigi nayo ilipata halmashauri yake, ikitolewa Manyoni. Chukua mtu anayetaka kuonyesha mwenendo wa malaria Iramba kuanzia 2010 hadi 2015. Akichukua ripoti za zamani zilizojumlishwa kwa jina la wilaya na kuziunganisha na za baadaye, ataona kushuka kwa ghafla, na huenda akakushangilia. Hakuna mbu aliyepungua; wagonjwa wa vijiji vya Mkalama wameanza kuhesabiwa kwingine. Ikiwa mgawo wa vyandarua au makadirio ya dawa mseto yatafuata mchoro huo, kosa la jina litakuwa limefika kitandani kwa mgonjwa.

DHIS2 yenyewe ina dawa ya tatizo la majina, kwa atakayeitumia. Kila kituo, kila halmashauri na kila kipengele cha taarifa hupewa utambulisho wa herufi na tarakimu 11, usio na maana yoyote kwa msomaji wa kawaida. Jina linaweza kusahihishwa tahajia, kufupishwa, hata kutafsiriwa: mtumiaji aliyechagua Kiswahili anaweza kuona jina moja na aliyechagua Kiingereza akaona jingine kwa kitu kilekile. Utambulisho haufuati lugha ya msomaji wala tahajia mpya. Vipindi navyo vina sura mbili. Mtu husoma “Machi 2024”; mashine huomba 202403, na robo ya kwanza ya mwaka huo huiita 2024Q1. Chombo cha mtu kinapaswa kuonyesha jina, na chombo cha skripti kinapaswa kutumia utambulisho. Anayeandika maelezo ya chombo ana wajibu wa kusema waziwazi ni kipi kinachotoka.

Saa nazo zina mtego wake kwetu. Mtoto aliyezaliwa saa 8 usiku, kwa hesabu ya Kiswahili, amezaliwa saa 02:00 kwa hesabu ya kompyuta. Rejesta ikiandikwa “8:00” na skripti ikasoma 08:00, mtoto amesogezwa mbele saa sita. Ikakisia kwamba “usiku” ni 20:00, amesogezwa saa kumi na nane. Mtoto huyo akifariki, swali la kama alifariki ndani ya saa 24 za kwanza, ambalo wataalamu wa uzazi hulitazama kwa makini, litajibiwa vibaya. Tena seva nyingi hutunza wakati kwa saa za dunia, UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Taarifa iliyohifadhiwa saa 7:30 usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili itaonekana kwenye seva kuwa ya saa 22:30, tarehe 31 Machi. Mwezi umebadilika.

Sifuri na ukimya

Kati ya makosa yote, hili ndilo linalostahili kukaliwa zaidi. Zahanati inapoandika sifuri kwenye nafasi ya wagonjwa wa kipindupindu, imesema jambo: tulitazama, hatukumwona. Zahanati ambayo ripoti yake haikufika haijasema lolote. Kwa muuguzi hayo ni mambo mawili. Kwa chombo kilichoandikwa ovyo ni jambo moja, kwa sababu nafasi tupu ikiingizwa katika kujumlisha huhesabiwa kuwa sifuri.

Katika DHIS2 suala hili lina ugumu wa ziada. Kwa kawaida mfumo hauhifadhi sifuri iliyoingizwa, isipokuwa kipengele husika kimepangwa mahsusi kuihifadhi. Lengo lilikuwa kuokoa nafasi, na kwa vipengele vingi hakuna ubaya. Lakini anayechota takwimu kwa skripti hawezi kutofautisha zahanati iliyoandika sifuri na ile iliyonyamaza kwa kutazama namba peke yake. Lazima atazame pia ukamilifu wa ripoti, yaani kama kituo kilitia alama kwamba fomu ya mwezi imekamilishwa. Vilevile, taarifa iliyoingizwa leo mchana huenda isionekane katika majedwali ya uchambuzi mpaka seva itakapoyaandaa upya, kazi ambayo kwa kawaida hufanyika usiku. Skripti inayochota saa moja baada ya namba kuingizwa inaweza kuleta picha ya jana.

Vyombo vya mstari wa amri vina adabu yao ya kale ya kuzuia ukimya usigeuzwe kuwa jibu. Kila amri inapomaliza huacha namba ya kumalizia isiyoonekana kwenye skrini: 0 maana yake kazi imekwisha salama, na namba nyingine yoyote maana yake kuna tatizo. Pia ina mikondo miwili ya maneno, mmoja wa matokeo na mwingine wa malalamiko. Mtu anayetazama skrini huona mikondo yote miwili imechanganyika, akaelewa. Skripti husoma mkondo wa matokeo tu na, ikiwa mwandishi wake ni makini, huangalia namba ya kumalizia. Chombo kinachoshindwa kuifikia seva kwa sababu mtandao umekatika, kisha kikaandika “samahani, jaribu tena” kwenye mkondo wa matokeo na kumaliza kwa 0, kimemfanyia mtu hisani na kuidanganya skripti. Sentensi hiyo ya samahani itaingia kwenye jedwali kama jina la kituo.

Kurasa mbili za chombo kimoja

Kupanga vyombo katika makundi hakutoshi ikiwa hakuna mahali palipoandikwa. Tuseme halmashauri ina chombo kidogo kinachoitwa “ukamilifu”, kazi yake kuonyesha vituo ambavyo ripoti ya mwezi haijafika. Chombo hicho kinahitaji kurasa mbili, na kosa la kawaida ni kuandika moja inayojaribu kuwahudumia wote.

Ukurasa wa mtumiaji wa kila siku waweza kuwa hivi: “Chombo hiki huonyesha vituo ambavyo ripoti ya mwezi haijafika. Andika: ukamilifu Machi. Ukiona jina la kituo kwa rangi nyekundu, mpigie simu mganga mfawidhi kabla ya kuendelea. Chombo hiki husoma tu, hakibadilishi namba yoyote. Ukikosea, andika tena.” Maneno hayo hutangulia na kazi, hufuata na mfano, na humalizia kwa kuondoa hofu. Sentensi ya mwisho mara nyingi husahauliwa, ilhali watumishi wengi huogopa mstari wa amri kwa sababu hawajui ni amri ipi inayoweza kufuta. Ikiwa chombo kinaweza kufuta, hilo nalo liandikwe, tena mwanzoni kabisa, si chini baada ya machaguo kumi na mawili.

Ukurasa wa mwandishi wa skripti una sura tofauti kabisa: “Matokeo: mstari mmoja kwa kila kituo, safu nne zinazotenganishwa kwa nukta-mkato, kwa mpangilio huu: utambulisho wa kituo, kipindi katika tarakimu sita, hali, wakati wa kupokelewa kwa UTC. Hali ni IMEFIKA, HAIJAFIKA au HAIJULIKANI, kwa herufi kubwa, na haitafsiriwi. Namba za kumalizia: 0, orodha ni kamili, 1, amri imeandikwa vibaya, 2, seva haikupatikana, usitumie matokeo. Rangi, upana wa safu na majina ya vituo havimo katika ahadi hii.” Hakuna salamu humo wala kubembeleza. Msomaji wake anataka kujua kitu kimoja: nini hakitabadilika. Neno HAIJULIKANI limewekwa kwa makusudi, kwani bila hilo ukimya ungelazimishwa kuingia katika moja ya majibu mawili ya mwanzo.

Lugha ya kurasa hizo nayo ina mashiko. Ukurasa wa mtumiaji wa kila siku hauna sababu ya kutokuwa kwa Kiswahili, ukitumia maneno ya kituoni: mganga mfawidhi, ripoti ya mwezi, dirisha la dawa. Maneno ya mashine, kama yale matatu ya hali, yaweza kuwa ya lugha yoyote mradi yakae yalivyo. Tabu huja kompyuta inapoachwa itafsiri yenyewe. Kompyuta iliyopangwa kwa Kiswahili cha Tanzania huandika mwezi wa tano “Mei”, na iliyopangwa kwa Kiingereza huandika “May”. Skripti iliyoandikwa kwa moja hukwama kwa nyingine. Iliyopangwa kwa Kifaransa, kama ilivyo desturi ng’ambo ya Ziwa Tanganyika huko Kongo, huandika damu ya mama mjamzito kuwa 10,5 mahali pa 10.5, na katika faili linalotenganishwa kwa mkato huyo anakuwa mama mwenye kipimo cha 10 na safu moja ya ziada yenye 5. Ndiyo maana mwandishi makini wa skripti huanza kwa kuiagiza kompyuta isifuate lugha ya mtumiaji yeyote.

Panapokuwa na majina ya watu

Mpaka hapa mazungumzo yamehusu idadi. Vipo vyombo vinavyogusa mgonjwa mmoja mmoja: orodha ya waliokosa tarehe ya kurudi kliniki ya tiba na matunzo, majibu ya makohozi, namba za simu za kukumbushia chanjo. Hivi vyafaa kuwa na kundi lao, bila kujali kama vinatumiwa na mtu au na skripti, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Jambo moja la kiufundi linalohusu faragha halifahamiki sana nje ya mafundi. Kila kinachoandikwa kwenye mstari wa amri kwa kawaida huhifadhiwa katika faili la kumbukumbu ya amri zilizopita, na wakati amri inafanya kazi, maneno yake yote yanaweza kuonekana na watumiaji wengine wa kompyuta hiyohiyo wanaoorodhesha kazi zinazoendelea. Mtumishi anayeandika jina la chombo, na baada yake jina la mgonjwa na namba yake ya matibabu, ameyaacha mezani kwa atakayefuata kuketi, hata kama alifunga dirisha mara alipomaliza. Chombo kilichobuniwa vizuri hupokea utambulisho wa mgonjwa kutoka kwenye faili linalolindwa, au huuliza na kusubiri uandikwe, na ukurasa wake husema hivyo waziwazi. Mgonjwa hana namna ya kuona hilo akiwa kwenye benchi la kusubiria, lakini ana haki ya kuuliza taarifa zake zinatunzwaje na nani anaziona, na mhudumu anayeulizwa hana budi kuwa amesoma ukurasa huo.

Vyombo hubadilika, na havitakiwi kukatazwa kubadilika. Fomu ya MTUHA ikiongezewa safu, chombo kinachoisoma lazima kifuate. Kinachotakiwa ni kwamba sinki libadilishwe mchana na bomba libadilishwe kwa taarifa. DHIS2 huweka namba ya toleo ndani ya anwani ambazo skripti huzitumia, ili skripti ya zamani iendelee kwa muda kuomba toleo lake huku mpya ikijifunza jingine. Halmashauri yenye skripti tatu tu inaweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama ya karatasi moja ukutani: jina la chombo, kundi lake, aliyekiandika, nani anategemea matokeo yake, na tarehe ya badiliko linalokuja. Umbo la zamani na jipya huendeshwa sambamba, na la zamani huondolewa baada ya ripoti ya robo mwaka nzima kutolewa kwa njia zote mbili na namba kulingana, kituo kwa kituo.